Taarifa ya Katibu Kuhusu Mlio wa Mgongo

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini ya kikao halali kilichotimiza akidi baada ya mjumbe mmoja kuamshwa, Baraza la Wataalamu wa Osteopathi linautangazia umma kwamba Mwaka wa Ushahidi umekamilika kwa mafanikio. Mimi ni Katibu wa Baraza hilo. Kwa kawaida mafanikio hutangazwa na Mwenyekiti, lakini kwa sasa Mwenyekiti yuko darasani.

Kwa wasiofahamu, osteopathi ni taaluma ya kutibu mgongo, shingo na viungo kwa mikono mitupu, bila sindano wala kisu. Mitaani wanatuita wanyoosha migongo. Baraza limelipiga marufuku jina hilo mara tatu, kwa barua, ila mtaa bado haujajibu.

Ieleweke pia kwamba sisi si madaktari. Wala si wakandaji. Wala si watu wa fiziotherapia, na mtu asithubutu. Kamati yetu ya Utambulisho ilikaa miaka mitatu kutafuta sisi ni nani, ikatoa kitabu cha kurasa mia mbili na kumi na mbili, kizuri sana, kinachowataja mmoja mmoja wote ambao sisi si wao. Kurasa mbili za mwisho ziliachwa wazi kwa ajili ya maelezo yetu sisi wenyewe.

Hata hivyo tulikuwa na kitu kimoja kisichotiliwa shaka: Mzunguko Mkuu. Mgonjwa analazwa ubavu, mtaalamu anashika bega kwa mkono huu na nyonga kwa mkono ule, anazungusha kwa ghafla, na mgongo unalia ko! Mwenyekiti wetu, mzee wa miaka sabini na moja mwenye viganja vipana kama sahani, aliuita mlio huo kuitika. "Mgongo umeitika," alizoea kusema, na mgonjwa aliinuka akitabasamu, maana nani atadai bado anaumwa wakati mgongo wake umeshaitika mbele ya watu?

Ndipo Wizara ikatuandikia barua ya mistari miwili. Wa kwanza uliuliza tunafanya nini na tunajuaje kwamba kinasaidia. Wa pili ulisema tusipojibu ndani ya mwaka mmoja, tutaunganishwa na Baraza la Fiziotherapia.

Mjumbe mmoja aliomba maji. Mwingine aliomba kustaafu.

"Wanataka ushahidi?" akasema Mwenyekiti. "Watapewa ushahidi mpaka wakose pa kuuweka."

Nikaandaa waraka. Kila mtaalamu alete ushahidi wa kazi yake katika jalada la buluu, nakala tatu, kabla ya mwisho wa mwaka. Mwitikio ulitutia moyo. Tulipokea picha za wagonjwa wakicheka. Tulipokea barua ya mke wa mgonjwa akithibitisha kwamba mumewe bado ananuna, ila sasa ananuna akiwa amenyooka. Mtaalamu mmoja alimleta mgonjwa mwenyewe. Kwa kuwa kanuni inataka kila kinachowasilishwa kigongwe muhuri, karani wa masijala alimwomba akunje mkono wa shati, akamgonga IMEPOKELEWA juu ya kiwiko. Zile nakala mbili nyingine tulimsamehe.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hivyo. Kisha shemeji yangu akayaharibu.

Huyu ni dada mdogo wa mke wangu. Amekuwa mtaalamu wa osteopathi kwa miaka kumi na tisa, na aliyemfundisha ni Mwenyekiti mwenyewe. Kliniki yake iko juu ya duka la rangi za nyumba, kwa hiyo wagonjwa wake hufika wakinukia ukuta mpya. Ni mtu mwema, ila ana kasoro moja: waraka akipewa, anausoma mpaka mwisho.

Alinipigia simu siku ileile.

"Shemeji, mmeandika ushahidi."

"Ndiyo."

"Mnamaanisha ushahidi? Ushahidi wenyewe?"

"Fuata waraka, shemeji," nikasema, nikakata simu, kwa sababu nilikuwa na kikao cha kuchagua aina ya buluu.

Akaufuata. Aliwachukua wagonjwa mia moja na arobaini wenye maumivu ya kiuno, akawaeleza anachotaka kufanya, wakakubali kwa maandishi. Kila mmoja akachota bahasha iliyofungwa. Nusu ya bahasha zilisema huyu azungushwe Mzunguko Mkuu kama tunavyofundishwa. Nusu zilisema huyu alazwe vilevile, ashikwe palepale, ahesabiwe mpaka tano, kisha aachiwe. Mengine yote yalikuwa sawa kwa wote: kila mgonjwa alikaa naye nusu saa akisikilizwa, akafundishwa kuinama na kuinuka bila kuogopa, akaambiwa atembee. Baada ya wiki sita mwalimu mmoja mstaafu, jirani yake, ambaye hakujua nani alichota nini, aliwapitia wote na kuwauliza maumivu yao sasa yako wapi kati ya sifuri na kumi.

Ruhusa ya utafiti huo ilitolewa na Baraza. Niliisaini mimi. Ilikuwa imechanganyika na fomu za likizo.

Matokeo niliyasikia jikoni kwangu, Jumapili mchana. Shemeji alikuwa anaosha vyombo na dada yake anavifuta. Aliosha sahani moja kwa muda mrefu kiasi kwamba mke wangu alimnyang'anya.

"Una nini wewe?"

"Wamepata nafuu sawasawa," akasema.

"Akina nani?"

"Wote. Waliozungushwa na wasiozungushwa. Sawasawa, dada. Katikati yao hata ukucha hauingii."

Nilimpongeza. Nilimwambia kama wamepata nafuu basi aandike hivyo, nakala tatu, na habari za bahasha aziache nyumbani. Hakunisikia. Alikuwa anaitazama mikono yake ikiwa imejaa povu mpaka kwenye vifundo.

"Miaka kumi na tisa nazungusha watu," akasema. "Mabega yangu mwenyewe yameharibika kwa kuzungusha watu. Nilikuwa nikisikia ule mlio moyo wangu unatulia, nasema haya, nimefanya kazi. Kumbe ni mlio tu."

Mke wangu akaweka kitambaa chini. "Sasa utaficha?"

"Nikificha, kesho nikimshika mgonjwa nitamwambia nini?"

Niliingilia kati kitaalamu. Nilishauri tuyaite matokeo ya awali, na tuongeze mahali fulani neno changamano. Dada wawili wakanitazama kwa jicho moja, nikaenda sebuleni.

Kikao cha Baraza kilifanyika wiki iliyofuata. Mwenyekiti aliisoma karatasi ya shemeji yote, akavua miwani, akaivaa, akaisoma tena.

"Hii ni nini?"

"Ni ushahidi, Mwalimu," akasema shemeji. Yeye humwita Mwalimu mpaka leo.

"Tuliomba ushahidi kwamba Mzunguko unafanya kazi."

"Waraka haukusema hivyo."

Wajumbe wote wakageuka kunitazama mimi niliyeuandika. "Ilikuwa inaeleweka," nikasema.

Mjumbe wa Kamati ya Utambulisho akasimama. "Kama Mzunguko si kitu, naomba kuuliza kupitia kiti chako, Mwenyekiti, sisi ni nani?"

"Ni watu waliokaa na mgonjwa nusu saa," shemeji akajibu kabla kiti hakijajibu. "Hao mia moja na arobaini walikuja wamejipinda, wamepata nafuu. Mimi hilo linanitosha kuamkia asubuhi."

"Kumsikiliza mtu hata shangazi yangu anaweza!"

"Shangazi yako ana nusu saa. Sisi siku hizi mgonjwa tunampa dakika sita, tunamzungusha, tunaita anayefuata."

Mwenyekiti hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alisema polepole, "Nilikufundisha kwa mikono yangu hii."

"Ndiyo, Mwalimu. Na wewe ndiye uliyenifundisha nisimguse mgonjwa kabla sijamwona anavyopumua. Hiyo sijaiacha."

Shemeji akatolewa nje, na Baraza likaamua kwa kauli moja kumfungulia shauri la nidhamu kwa kosa la kuwasilisha ushahidi usiolingana na utambulisho wa taaluma. Adhabu yake ni kufutwa kwenye orodha, yaani kliniki inafungwa na yeye hamgusi mgonjwa tena maisha yake yote. Kazi ya kuandika mashtaka nilipewa mimi. Uhusiano wa kifamilia ulizingatiwa: nilitumia karatasi nzuri.

Niliyaandikia nyumbani, kwenye meza ya kulia. Kuanzia siku hiyo mke wangu aliniwekea chakula kwenye sahani yenye ufa, na maongezi yetu yakawa yanapitia kwa watoto. "Mwambieni baba yenu chumvi iko mbele yake." Mtumishi wa umma huzoea mazingira magumu.

Sasa, wazo la majaribio ya hadharani lilikuwa la Mwenyekiti mwenyewe. Alisema makaratasi yanaweza kusema lolote, lakini mikono haidanganyi. Yeye akiushika mgongo uliozungushwa anaujua, na usiozungushwa anaujua, kama mtu anavyoujua mlango wa kwake gizani. Basi siku ya shauri waletwe wagonjwa kumi na wawili. Sita wazungushwe asubuhi ile, sita wasiguswe, na yeye atawataja mmoja mmoja. Tena Mkaguzi kutoka Wizarani aalikwe, aone kwa macho yake.

Shemeji aliomba jambo moja tu. "Mwalimu, uwapitie mara mbili? Ukimaliza mara ya kwanza unakunywa chai, sisi tunawabadilisha vitanda, unarudia."

"Hata mara kumi," akasema Mwenyekiti.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Vitanda kumi na viwili vilipangwa, mashuka meupe, wagonjwa wamelala kifudifudi wamefunikwa mpaka kisogoni. Mkaguzi alikuwa mwanamke mtulivu mwenye kalamu moja na daftari dogo, na hakuna alichokisifia, hata mapazia. Saa nne kasoro dakika tano ikagundulika kwamba mmoja wa wale sita wasiozungushwa hakufika. Ratiba ilisema kumi na wawili. Ratiba niliiandika mimi. Nikavua koti, nikalala kwenye kitanda cha saba.

Nithibitishe hapa kwamba mgongo wangu haujawahi kuzungushwa na mtu yeyote.

Mwenyekiti alifika kwangu akiwa amechangamka. Mikono yake ilikuwa ya joto na yenye upole, nikiri hilo. Ungetaka tu kulala. "Huyu!" akatangaza. "Huyu amezungushwa barabara. Mgongo umejipanga kama meno ya kitana!" Watu wakapiga makofi. Mimi chini ya shuka nilijisikia vizuri sana.

Akaenda kunywa chai. Wakanihamisha kitanda cha pili. Akarudi, akanishika tena, akatoa pumzi ya huruma. "Huyu hajaguswa, masikini. Mgongo kama barabara ya vumbi baada ya mvua."

Nilikaribia kuinuka nikate rufaa.

Mkaguzi alisoma hesabu bila kupandisha sauti. Katika duru ya kwanza Mwenyekiti alipatia sita kati ya kumi na wawili. Katika duru ya pili, sita. Na kati ya migongo kumi na miwili aliyoishika mara mbili, aliyoisemea neno lilelile mara zote mbili ilikuwa sita.

"Sarafu ingefika hapohapo," akasema Mkaguzi, "na haihitaji chai."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mgonjwa mmoja chini ya shuka, na huyo alijifanya anakohoa. Mwenyekiti alikaa kwenye ukingo wa kitanda nilichokiacha wazi. Aliigeuza mikono yake juu, chini, juu, kama mtu anayetafuta alipoweka funguo. Nusu karne alikuwa ameiamini. Shemeji, ambaye shauri lake ndilo lilikuwa linasikilizwa na ambaye angeweza kusema chochote saa ile, alikwenda akaketi kando yake.

"Na mimi nililia, Mwalimu," akamwambia. "Wiki nzima."

Wizara ilijibu kwa mistari miwili, kama kawaida yake. Mashtaka yafutwe. Baraza lisiunganishwe na mtu, lakini hakuna mjumbe atakayekalia kiti chake mpaka amalize mafunzo ya miezi sita chini ya mtuhumiwa.

Baraza limeyapokea maelekezo hayo kwa mikono miwili, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine ya kuyapokea. Mimi niliteuliwa kusimamia saa na kuandika ripoti. Somo la kwanza ni kumsikiliza mgonjwa dakika ishirini bila kumgusa wala kumkatiza. Wajumbe wengi walilipita ndani ya mwezi. Mwenyekiti alifeli mara tatu. Mara ya kwanza alimwambia mgonjwa "geuka" kwenye dakika ya pili. Mara ya pili alifika dakika ya nne, akaanza kumsimulia mgonjwa habari za mgongo wake yeye. Mara ya tatu alifika kumi na moja, ila ilibainika alikuwa amesinzia.

Mara ya nne aliletewa mteja wake wa zamani, fundi cherehani, mwanamke wa umri wa makamo, ambaye alikuwa amemtibu kwa miaka sita, kila baada ya miezi miwili. Shemeji alikaa pembeni na daftari. Mimi nilikuwa na saa.

"Niambie kuhusu kiuno chako," akasema Mwenyekiti.

"Si unakijua?"

"Nakijua kwa mkono. Leo niambie kwa mdomo."

Fundi akacheka, halafu akaona mzee hatanii. Akaanza. Alisema kiti chake cha kushonea hakina shida. Alisema ana mama yake, miguu haina nguvu tena, na hawezi kumwacha peke yake siku nzima. Kwa hiyo kila asubuhi humbeba mgongoni, ghorofa nne za ngazi, anakwenda naye dukani. Jioni humpandisha. Siku za mvua ngazi huteleza, inabidi ashuke kinyumenyume.

Mwenyekiti alifungua mdomo. Akaufunga. Dakika ya kumi na mbili ikapita.

"Muda gani sasa?" akauliza hatimaye, kwa sauti ndogo. Maswali mafupi yanaruhusiwa.

"Miaka saba mwezi ujao."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, mzee wangu? Ulikuwa unanizungusha."

Nikaandika hilo kwenye ripoti. Mwenyekiti alikuwa ameikamata mikono yake magotini, mmoja umeushika mwingine.

"Chini hakuna chumba?"

"Kipo, kizuri, kina hata bomba lake. Ila mwenye nyumba amekijaza makochi. Nasikia ni ya nyumba anayotarajia kujenga. Nimemwandikia mara mbili anisaidie kile chumba, nimwachie cha juu. Ananijibu ombi lako linafanyiwa kazi. Barua safi, imepigwa chapa, ina hata nambari ya kumbukumbu."

Shemeji aliacha kuandika. "Ni jengo gani hilo?"

"Lile la njano, nyuma ya kituo cha mafuta."

Shemeji akageuza kichwa taratibu mpaka akafika kwangu, akaishia hapo. Mwenyekiti akafuata macho yake. Fundi naye, bila kujua kuna nini, akanitazama.

Kwa ajili ya uwazi, napenda kulieleza Baraza na umma kwamba mwenye nyumba hiyo ni mimi. Wapangaji hushughulikiwa na msimamizi wa jengo; mimi hushughulikia barua tu.

"Dakika ngapi, Katibu?" akauliza Mwenyekiti.

"Ishirini na tatu."

"Nimefaulu?"

"Umefaulu," akasema shemeji, bado ananitazama mimi.

Utekelezaji wa ombi la fundi ulifanyika Jumamosi iliyofuata, asubuhi. Mke wangu alifika mapema kuliko mimi na kukaa kwenye kiti alichokuja nacho. Wajumbe kadhaa wa Baraza walijitolea kumteremsha yule mama kwa mara ya mwisho, wakiongozwa na Mwenyekiti, aliyekuwa anamuuliza kila ngazi kama anaumia na kusubiri ajibu. Makochi yalikuwa sita, yote yana nailoni ya dukani. Kwa kuwa hayakuwa mali ya Baraza, haikuonekana sahihi kwa wajumbe kuyagusa.

Yule mama aliwekwa dirishani, mto chini ya miguu yake, jua linamwangukia mapajani. Alinitazama muda mrefu nikihangaika mlangoni na kochi la watu watatu, ambalo lilikuwa limekwama halitoki wala halirudi.

"Huyu mpagazi mmemtoa wapi?" akamuuliza binti yake.

"Si mpagazi, mama. Ndiye mwenye nyumba."

Akafikiri kidogo.

"Basi mwambieni akunje magoti," akasema. "Akiinama hivyo ataumia kiuno."

Nikakunja magoti.